Fukwe za maziwa yetu kwa likizo ya Juni hadi Agosti: twende wapi, na tumuulize nani kabla ya kuingia majini

Mwanakyela (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kila mwaka ikifika Mei naona nyuzi za likizo, na zote zinaelekea Zanzibar, Bagamoyo na Kigamboni. Sina ugomvi na bahari. Ila tuna Victoria, Tanganyika na Nyasa, maziwa matatu makubwa kuliko yote Afrika, na watu niliosoma nao, waliokua wakisikia mawimbi usiku kutoka kitandani, hawajawahi kuwapeleka watoto wao kuyaona. Hilo linaniuma. Nimeanzisha uzi huu ili kila mmoja aeleze ufukwe wa ziwa anaoujua kwa miguu yake.

Naanza na kwetu, Matema.

Ukitoka Mbeya unashikia Uyole, unapanda mpaka Tukuyu kwenye baridi, migomba na chai kila upande, halafu barabara inaanza kushuka na joto linakupokea. Mtoto aliyevaa sweta asubuhi, mkifika Kikusya ameshalivua. Hapo unaiacha barabara ya Kyela mjini, unapita Ipinda katikati ya mpunga na mikakao, unakwenda mpaka barabara inakosa pa kwenda. Ndiyo Matema. Ziwa lote la Nyasa linaanzia pale kwenda kusini. Kushoto kwako Milima ya Livingstone inasimama wima kutoka majini, mbele ni maji mpaka macho yachoke, kulia mchanga unapinda kuelekea mdomo wa mto Lufilyo.

Mchanga wenyewe si mweupe kama wa Paje kule Unguja. Ni wa kahawia, na saa saba mchana unaunguza nyayo. Lakini maji hayana chumvi, mtoto akizama na kuibuka macho hayamuwashi, na jioni jua likiwa linashuka ile milima inabadilika rangi mara tatu kabla giza halijaingia. Malazi yapo, ya makanisa na ya watu binafsi, mengi ni ya kawaida tu. Wali wa Kyela na samaki mbasa wa kuchoma, mkimpata, hamtahitaji kuongezewa kitu.

Sasa niwaambie lililonikuta, maana ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

Miaka michache nyuma, mwezi wa saba, nilikodi mtumbwi na wanangu wawili tukaone wafinyanzi wa Kikisi kule Ikombe. Tuliondoka alfajiri, maji yametulia kama yamepigwa pasi. Ikombe tulimkuta mama mmoja ameweka donge la udongo juu ya kigae. Mkono wa kushoto unazungusha kigae, wa kulia unavuta udongo juu. Hana gurudumu, hana kipimo, na mdomo wa chungu ukatoka duara kamili. Akachukua kijiwe laini akaanza kuusugua mpaka ukang'aa. Binti yangu alikaa chini akasahau kila kitu, na mimi nikasahau saa.

Mzee mwenye mtumbwi alituambia tangu tunapanda: "Saa nne tuwe tumerudi. Kusi likianza halingoji mtu." Tulitoka Ikombe karibu saa sita. Hatukufika mbali. Upepo ulikuja kutoka kusini, na kule kaskazini ya ziwa mawimbi yanafika yakiwa yameshakusanya nguvu ya ziwa zima. Maji yakaanza kuingia, mwanangu mkubwa anakumba kwa sufuria, na hatukuwa na hata jaketi moja la kujiokolea. Mzee hakubishana na ziwa. Aligeuza akatupeleka kwenye mwanya wa mawe, tukashuka maji yakinifika kifuani, mtoto mmoja begani kwangu na mwingine begani kwake, tukamalizia safari kwa miguu kwenye njia ya mlimani.

Tangu siku hiyo, ufukwe wowote nikifika, kabla ya mguu kugusa maji natafuta mwenyeji anayeishi palepale. Si mtu wa mapokezi aliyehamia mwezi uliopita. Mvuvi, au mama anayefua pale kila siku. Namuuliza mambo matatu: upepo unaanza saa ngapi, kina kinaanzia wapi, mamba wako upande gani. Pale Matema jibu la swali la tatu ni mdomo wa mto. Huko msiogelee.

Karibuni, kila mtu na ziwa lake.

---

Bint Muscat

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kaka Mwanakyela ahsante, nimesoma huku moyo unanidunda.

Mimi niko Muscat. Miezi hii shule zimefungwa na nje ni zaidi ya nyuzi 40, watoto wanashinda ndani kwenye kiyoyozi. Babu yangu mzaa mama alizaliwa Ujiji, lakini kila tukirudi nyumbani tunaishia Dar na Unguja. Mwaka huu nataka wanangu waone ziwa. Ni watatu, wa mwisho ana miaka mitano. Nina siku 9, kuanzia wiki ya pili ya Julai. Kigoma au Matema?

---

Mha wa Ujiji

Waalaykum salaam dada. Kigoma ni kwa babu yako, kwa hiyo sitasema usije. Ila nitakueleza kama ambavyo ningemweleza dada yangu wa damu.

Ufukwe unaotajwa na kila mgeni ni Jakobsen, nje kidogo ya mji, upande wa Katonga. Ni vighuba vidogo vya mchanga vilivyobanwa na mawe na miti, unalipa kiingilio, pasafi, pametulia. Maji yake ni ya kijani, unaona vidole vyako vya miguu ukiwa umezama shingoni. Chukua miwani ya kuogelea. Kwenye yale mawe kuna samaki wadogo wa njano, wa bluu, wenye mistari, na wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote duniani. Mwanangu wa darasa la nne alilala kifudifudi juu ya maji kwa nusu saa, nikadhani amechoka, kumbe anahesabu. Chakula msikiache peke yake, tumbili wa pale hawana muda wa kusubiri.

Kuna nyoka wa majini pia, swila wa Tanganyika. Anakula samaki, hana shida na mtu asiyemsumbua. Nimemwona mara mbili maishani, mara zote anakwenda zake. Nasema ili ukimwona usiwatishe watoto wakakimbilia kwenye kina.

Na kina ndilo jambo la kushika. Ziwa hili linafika mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu. Watu wanaitaja hiyo namba kwa fahari, lakini kwa mama mwenye mtoto wa miaka mitano maana yake ni kwamba sehemu nyingi unatembea maji ya magoti, hatua inayofuata hakuna chini. Mtoto akae urefu wa mkono wako, basi.

Pili, maji yalipanda sana kuanzia 2020 na kuendelea. Fukwe ambazo sisi tulichezea mpira zimemezwa. Picha unazoziona mtandaoni nyingi ni za zamani. Mpigie mtu aliyepo, akutumie picha ya leo.

Tatu, Julai huenda usile dagaa wala mgebuka wa siku hiyo. Mwaka 2024 nchi zinazolizunguka ziwa zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Uliza kwanza kwa mwaka utakaosafiri. Nami naunga mkono kufunga, tumeliona ziwa likichoka. Lakini mgeni anayekuja likizo anakosa kitu kimoja kikubwa. Ziwa likiwa wazi, usiku usio na mwezi, taa za wavuvi wa dagaa zinajaa majini mpaka upande wa Kongo, huwezi kutofautisha ziwa linaishia wapi na nyota zinaanzia wapi. Bibi yangu alikuwa anatutoa nje tuzihesabu mpaka tulale.

Ukija, Ujiji usiache. Mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 pana mnara na kijumba cha makumbusho, na miembe. Na Gombe ni kwa boti kutoka mwalo wa Kibirizi, ila kwa mtoto wa miaka mitano kupanda vilima kufuata sokwe ni adhabu.

Kwa siku 9 na watoto watatu, safari ya kuja Kigoma inakula siku zako. Mimi ningesema Agosti mwishoni, au mwaka mwingine ukiwa na wiki tatu.

---

Pwani Damu

Mkuu Mwanakyela, kwa heshima zote, ufukwe ni wa bahari. Mchanga mweupe, minazi, hoteli za kila bei. Mtu atoke Muscat apite Unguja aende akapigwe na vumbi Kyela?

---

Mwanakyela

Mkuu Pwani Damu, sipingi uzuri wa kwenu. Nimefunga ndoa Tanga, naipenda pwani.

Lakini umewahi kufika Paje au Jambiani na watoto saa sita mchana maji yamekupwa? Unatembea mpaka unachoka hujafika kwenye maji ya kiuno. Ziwani hakuna kupwa wala kujaa. Maji ya saa mbili ndiyo ya saa kumi, tofauti ni upepo tu. Na Julai na Agosti ndiyo miezi wageni kutoka Ulaya wanapojaa Unguja, bei zinapanda. Matema mwezi huohuo unaweza kupata ufukwe mko familia mbili.

Vumbi hakuna siku hizi, barabara ya Kikusya hadi Matema imewekwa lami.

---

Nesi Mstaafu

Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vituo vya kandokando ya ziwa. Hapa hakuna aliyetaja kichocho mpaka sasa, kwa hiyo nitataja mimi.

Vimelea vya kichocho vinaishi kwanza ndani ya konokono wa majini. Vikitoka kwa konokono vinaogelea vikitafuta ngozi ya mtu, na vinapenya kwa dakika chache tu, bila kidonda, bila maumivu. Konokono hao wanapenda maji yaliyotulia yenye matete na magugu, hasa mahali watu wanapofulia na kujisaidia. Ufukwe wa mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi kuliko ghuba tulivu yenye majani. Ndogo zaidi, sikusema haipo.

Likizo msiifute. Ogeleeni mahali pa mchanga, penye mawimbi, mbali na matete. Mkitoka majini, kaushaneni kwa taulo kwa nguvu papo hapo, msikae na nguo mbichi. Halafu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, msimeze dawa siku ya kurudi. Praziquantel inaua minyoo iliyokomaa, michanga inaponyoka. Subirini wiki sita hadi nane, mkapime mkojo na choo, mkikutwa nayo mpewe dozi kwa uzito wa kila mmoja. Dada wa Muscat, daktari wa huko mwambie wazi kwamba mliogelea ziwani Afrika, maana akiona damu kwenye mkojo wa mtoto anaweza kutafuta sababu kumi nyingine kwanza.

Na vyandarua. Kyela na Kigoma zote kuna malaria.

---

Kijana wa Igoma

Mama nesi shikamoo. Mimi nimeoga Victoria tangu sijui kuhesabu mpaka leo, sijawahi kuumwa hicho kichocho.

---

Nesi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umepima lini mara ya mwisho?

Kichocho cha Victoria ni cha tumbo zaidi kuliko cha mkojo. Mtu anakaa nacho miaka, tumbo linauma leo linaacha kesho, ini linaharibika polepole. Nimewapokea wanaume wa miaka 40 wanatapika damu, na wote walisema hawajawahi kuumwa. Nenda kituo chochote hapo Mwanza kesho asubuhi. Nakuomba kama mama.

---

Kijana wa Igoma

Nitakwenda mama. Ahsante.

---

Mngoni wa Ziwani

Mbona Mbamba Bay hamuitaji? Wengi mnaijua kwenye ramani tu.

Songea mpaka Mbinga, halafu unaanza kuteremka kona baada ya kona mpaka ziwa linatokea chini yako lote kwa mkupuo. Zamani kipande kile kilikuwa cha siku nzima masika, sasa ni lami. Ghuba yenyewe imekingwa na vilima na mawe, mchanga mwororo, vijiji vya wavuvi, muhogo na samaki vituwi vya kukaanga. Hoteli za kifahari usitafute. Umeme na mtandao vikikatika, vumilia.

Mkiwa na gari endeleeni mpaka Liuli. Pale majini kuna jiwe kubwa, Pomonda. Wajerumani waliona linafanana na yule sanamu wa Misri mwenye mwili wa simba, wakaipa bandari jina la Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, ilitoka upande wa Nyasaland, Malawi ya leo, ikaipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Nahodha wa Kijerumani hakuwa na habari kwamba vita imeanza. Watoto wangu niliwasimulia tukiwa tumekaa tunalitazama lile jiwe, na wa kwanza akauliza: "Sasa wavuvi wa hapa walikimbilia wapi?" Sikuwa na jibu. Nimeuliza wazee wawili tangu hapo, bado natafuta.

Kuhusu upepo, Mwanakyela amesema kweli. Sisi tunauita mwera. Mei mpaka Agosti unaweza kuvuma siku tatu mfululizo, mitumbwi yote nchi kavu. Anayetaka ziwa lililotulia aje Septemba na Oktoba, ila ajue joto lake. Julai asubuhi ni yako, alasiri ni ya mwera. Panga siku yako hivyo utafurahi.

---

Odhis wa Mbita

Hamjambo majirani. Huku Kenya shule zinafunga Agosti, na watu wote wanakimbilia Mombasa na Diani. Ziwa Victoria wanalijua kwa samaki wa Dunga pale Kisumu, wanakula wanarudi.

Njooni Homa Bay, mpite Mbita, mshike boti hadi Takawiri. Ni kisiwa kidogo chenye mchanga mweupe na minazi. Minazi ziwani, ndio. Mgeni akiona picha anabisha kwamba si ziwa. Karibu yake kuna Mfangano, na kule juu kwenye miamba kuna michoro ya kale sana, miviringo ya rangi nyekundu na nyeupe. Nenda na mzee wa kijiji, kwa Wasuba pale ni mahali pa heshima, si pa kupanda na kupiga kelele. Rusinga mnajua lilipo kaburi la Tom Mboya.

Kwa boti za huku nasema hivi: kama mwenye boti hana jaketi kwa kila abiria, teremka. Usione haya. Nimeshateremka mara mbili mbele ya watu na nikachekwa. Niko hai.

---

Msukuma wa Ilemela

Odhis umenena. Sisi wa upande huu tunakumbuka kuzama kwa meli ya MV Bukoba 1996 na kivuko cha MV Nyerere 20 Septemba 2018. Ile ya Ukara iliruhusiwa kubeba watu 101, wakafa zaidi ya 220, mita chache tu kabla ya gati. Nilikuwa na jamaa mle. Kwa hiyo mkija Ukerewe, na nawakaribisha kwa moyo wote, siku ya gulio kivuko kikijaa subirini kinachofuata. Hakuna ufukwe unaokimbia.

Ukerewe mnafika kwa meli ya kutoka Mwanza hadi Nansio, au kwa barabara mpaka Kisorya na kivuko kifupi. Kodini baiskeli au pikipiki mzunguke kisiwa, mananasi na machungwa njiani, na mawe makubwa yamepangana kama yamewekwa na mtu. Ukara kuna jiwe linalocheza, wenyeji watawaambia masharti yake.

Mwanza mjini msiogelee popote tu, maji ya karibu na mji si masafi na magugu maji yanakuja na kuondoka. Wapelekeni watoto kisiwa cha Saa Nane, boti ni dakika chache kutoka Capri Point, ni hifadhi ya taifa ndogo kabisa, wataona pimbi na swala na kukaa juu ya mawe na kula. Rubondo ni pazuri mno ila kuna mamba, pale ziwa ni la kutazama. Na tangu Juni 2025 daraja la Kigongo hadi Busisi linapitika, kwa hiyo Chato, Bukoba na huko kote safari imekuwa nyepesi, ile foleni ya kivuko tumeisahau.

---

Mtoto wa Kivu

Mimi nilikulia Goma upande wa Kongo, sasa naishi Gisenyi upande wa Rwanda. Niseme kidogo tu ya Ziwa Kivu.

Ziwa letu halina mamba wala kiboko. Liko juu, mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo Julai usiku ni baridi, lete sweta. Ufukwe wa Gisenyi uko katikati ya mji, una miti na vijia vya kutembea. Jioni utaona wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa huku, wanatoka, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, nguzo ndefu mbele na nyuma kama pembe, na wanaimba kwa kupokezana ili makasia yaende sawa.

Kitu kimoja mgeni hajui ni mazuku. Kuna mabonde na mashimo karibu na maji ambako hewa nzito inatoka ardhini kwa sababu ya volkano. Haina rangi, mara nyingi haina harufu. Inakaa chini, na asubuhi isiyo na upepo ndiyo mbaya zaidi. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita bila kujua, mbwa au mtoto mdogo anaanguka, na hata mtu mzima akiinama au kushuka shimoni yumo hatarini. Ukiona nyasi zimekufa shimoni au ndege amelala, usishuke. Wenyeji wanajua kila shimo kwa jina. Kaka Mwanakyela, kwa Kivu ongeza swali la nne.

---

Mwanakyela

Nimeongeza, mkuu. Hilo sikulijua kabisa, na nina rafiki anapanga kwenda huko na mtoto wa miaka miwili. Nimemtumia sasa hivi.

Dada Bint Muscat, ukiamua Matema: ndege Dar hadi Songwe, usilazimishe basi la kutwa nzima na watoto. Lala Mbeya au Tukuyu usiku mmoja, asubuhi shuka taratibu. Kaa siku tano palepale, usihangaike kuhama. Kuogelea ni saa moja hadi saa nne. Baada ya hapo kaeni kivulini, mle, mlale. Jumamosi nendeni gulio la Lyulilo, ni mwendo wa miguu kutoka Matema, vyungu vya Kikisi vinashushwa kutoka kwenye mitumbwi vimepangwa kwenye nyasi.

---

Bint Muscat

Nimeamua Matema. Kigoma nimeiweka nadhiri, inshaallah na mama yangu tukimpata na nguvu. Mha wa Ujiji, Mungu akubariki kwa kunambia ukweli badala ya kunivuta.

---

Bint Muscat (baada ya wiki tatu)

Ndugu zangu, tumerudi salama. Nimesema siwezi kukaa kimya.

Siku ya kwanza nilifanya kama tulivyoagizwa. Nilimkuta bibi anaosha sufuria kwa mchanga ufukweni, nikamwamkia, nikamuuliza yale matatu. Akaweka sufuria chini, akanishika mkono, akanitembeza. Kutoka kwenye mti fulani mpaka kwenye mtumbwi uliopinduliwa, akasema hapo watoto waoge, chini ni mchanga mpaka mbali. Akanionesha kwa kidole upande wa mawe, akasema huko hata wajukuu zake hawaendi. Kisha akakaa palepale na sufuria zake siku zote tano, kila asubuhi, anatutazama. Mwanangu mdogo akawa anamwita Bibi Maji.

Siku ya tatu ilipofika saa nne na dakika kama kumi, upepo ukaja. Saa ile ile. Mwanangu mkubwa alitazama saa yake, akanitazama, hakusema kitu, akatoka majini mwenyewe.

Tulikwenda Ikombe pia, na jaketi tulizozibeba kutoka huku, na saa tatu unusu tulishakanyaga mchanga wa Matema. Yule mama wa kigae sijui kama ndiye uliyemwona, ila binti yangu amefinyanga kikombe, kimepinda, analala nacho kitandani mpaka leo.

Mama nesi, tarehe ya kupima nimeiandika kwenye kalenda ya jikoni.

Shida yangu moja. Nilinunua chungu kikubwa Lyulilo, kimefika Dar kizima, kimepasuka mdomo kwenye ndege ya kuja Muscat. Mwakani wenzenu mnapakiaje?

---

Mwanakyela

Dada, nimesoma kwa sauti, mke wangu anasikiliza.

Chungu usikipeleke kitupu. Kijaze nguo ndani mpaka kigumu, mdomo uuzungushie majani makavu ya mgomba na kamba ya mgomba, si gazeti. Akina mama wa Lyulilo watakufungia ukiwaambia kinasafiri mbali. Kisha kibebe mapajani, usikikabidhi mizigoni.

Hicho kilichopasuka usikitupe. Nyumbani kwetu mama alikuwa anapandia mchaichai.